Maelezo ya Malipo: Kitambaa

4 Machi

Mdogo wangu,

Habari za huko? Watoto hawajambo? Sisi wazima. Kidonda cha Mama kimefunga. Jana alikaa nje akawasema majirani wote mpaka jua likazama, kwa hiyo ujue amepona.

Nina shida. Ofisi ya kodi imeniandikia. Benki imewapa orodha ya fedha zilizoingia kwenye akaunti yangu, na ile michango thelathini na minane ya upasuaji wameihesabu kuwa mauzo, kwa sababu kila ndugu aliandika "kitambaa". Unakumbuka Mama hakutaka mtu ajue anakatwa titi, na wakala wa benki wa mtaani kwetu husoma maelezo ya malipo kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. Wewe ndiye uliyesema, "Dada ni fundi cherehani, waandike kitambaa, nani atauliza?" Basi wameuliza. Wanataka kodi ya vitambaa ambavyo sijawahi kuvigusa. Nisipolipa ndani ya siku thelathini wanafunga akaunti, kisha wanachukua cherehani zote tatu.

Wewe unafanya kazi benki hiyohiyo. Waambie ukweli.

Dada yako

10 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Huku tuko salama, ila mwanangu mdogo ana mafua.

Usihangaike. Barua hizo hutolewa na kompyuta, watu wengi wanapata. Usiijibu wala usiende kwao, nitalishughulikia mwenyewe. Jina langu tu usilitaje; kazini kwetu mambo haya ni nyeti. Na Mama asijue.

Mdogo wako

11 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Mama mzima. Mimi niache kwanza.

Nilisubiri mwezi mzima kama ulivyosema. Juzi wamefunga akaunti. Nina oda ya sare za shule na siwezi kununua hata uzi. Jana nikaenda kwao. Afisa, binti mpole tu, akanigeuzia faili nisome. Kuna fomu inayojazwa na benki. Je, akaunti hii ni ya biashara? Ndiyo. Biashara gani? Uuzaji wa vitambaa. Sahihi ni yako. Tarehe ni ya Februari, kabla sijapata barua yoyote.

Nikamwambia aliyesaini ni mdogo wangu, tumbo moja. Akasema, "Basi anakufahamu vizuri, mama."

Nieleze.

Dada yako

16 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini Mama anaendelea vizuri; mwambie nitakuja kumwona Jumamosi ya kwanza ya Mei.

Sheria inatutaka tujaze fomu kwa kila akaunti iliyopitisha kiwango fulani. Yako ikaangukia mezani kwangu. Ningeandika ni michango ya ugonjwa, wangeuliza nani alibuni maelezo ya uongo, na mfanyakazi wa benki akipatikana na hilo anafukuzwa. Nina mkopo wa nyumba na watoto watatu. Nilidhani kodi itakuwa ndogo, nikulipie polepole. Nilipoona kiasi, nikanyamaza.

Nisamehe. Barua hii ichome.

Mdogo wako

29 Aprili

Sikuichoma. Mama aliikuta mezani kwangu, akaisoma, akafuta miwani, akaisoma tena. Asubuhi yake akavaa, akachukua faili la hospitali, tukaenda ofisi ya kodi.

Dirishani kulikuwa na foleni ya watu kama ishirini. Wawili ni wa mtaani kwetu. Yule afisa akamwomba aingie ndani wazungumze faragha. Mama akasema, "Faragha ipi tena, mwanangu? Akaunti mmeisoma, someni na hili." Akafungua vifungo viwili vya blauzi. Watu wakaangalia chini.

Deni limefutwa, na akaunti wameifungua tena. Afisa akataka jina la aliyebuni hilo neno kitambaa, aliandike. Nikafungua mdomo. Mama akaniwahi: "Andika mimi."

Tulipofika nyumbani akaniambia nikujulishe kwamba yeye hajambo, na kwamba Jumamosi usije.

Langu ni moja. Jumatatu nakuja tawini kwenu kufunga akaunti. Fomu nimeshaijaza. Wanapouliza kama nina ndugu anayefanya kazi hapo, nimeandika hapana.

Fundi cherehani