Nyota za Magoti Yako

Papa,

Nakuandikia nikiwa jikoni, mulango nimeufunga na kiti nimekiegemeza. Vumilia mwandiko. Tangu ulale kaburini, Goma si ile uliyoiacha. Wenye bunduki tuliowazoea waliondoka, wengine wakaingia, na hawa wana bouclage zao za asubuhi. Wanazunguka kartié, mutaa wote, wanatoa vijana wote manyumbani, wanawapigisha magoti barabarani juu ya mawe ya volkano, kisha wanachagua. Waliochaguliwa wanapandishwa camion, lori lao, na hawarudi. Mutoto wa Mama Neema, yule muuza samaki wadogo, sambaza, wa soko la Kituku, alipanda hivyo, na mama yake hadi leo anamuwekea chakula.

Ninayemuogopea ni Héritier, mudogo wangu, mutoto wako wa mwisho.

Siku ya kukuosha, yeye ndiye aliyekuvua pantalo. Alitoka chumbani macho yamemutoka. Maisha yote hakuwahi kuona miguu yako. Hata jua liwake, hata ziwani, wewe na pantalo yako ndefu. Sasa ameona nyota mbili zimechorwa kwenye ngozi, moja kila goti. Akaniuliza, nikamwambia kama ulivyoniambia: kwamba ulienda Urusi kusomea umekanika, ukapigana, ukafungwa, na huko mufungwa aliyechorwa nyota magotini anatangaza kwamba hapigii mutu magoti, awe mulinzi, awe mukubwa gani. Kwamba wino ulikuwa masizi ya soli ya kiatu iliyochomwa. Kwamba aliyejichora alama asiyostahili, wenzake waliitoa pamoja na ngozi.

Laiti ningenyamaza! Matanga hayajaisha, akaenda Birere akachorwa nyota zilezile. Akarudi anachechemea, anacheka.

"Yaya, dada yangu mukubwa, mimi pia sipigi magoti."

Nilikaa chini, Papa. Wewe kanisani ulibaki umeketi wenzako wakipiga magoti, na watu walisema tu una kiburi. Huyu angesimama mbele ya bunduki. Akachukua na lile neno lako, musor, yaani takataka, jina mulilowaita walinzi kule. Wewe ulilisema chinichini ukikoroga chai yako nyeusi kama lami. Yeye alilisema dirishani, patrol inapita. Kila gari likisimama nje, nilizima moto wa jiko tusionekane.

Nilimusihi, nililia, nikamutishia kumufungia ndani. Kichwa kigumu kama chako. Basi juzi nikapika chai yako, majani nusu pakiti, kopo moja, kila mutu mafunda mawili kisha anapitisha, kama mulivyofanya na wenzako gerezani. Ulisema kwenye kopo hilo mutu hasemi uongo. Tukanywa. Nikamwambia lile ulilonikataza.

Nilikuwa mudogo bado, natosha tu kubeba kidumu. Tulikuwa tunakimbia kutoka Rutshuru, Mama ametutoka tayari, Héritier yuko mugongoni mwako anachemka homa. Kwenye bareyeri, kizuizi cha barabarani, mwenye bunduki akasema wanaume hawapiti. Ulimutazama muda. Mimi nilijua wewe ni mutu gani, nikafumba macho. Nilipofumbua ulikuwa chini, magoti yote mawili kwenye tope, umeshika buti yake.

"Pardon, patron. Samahani, mukubwa, acha mutoto apite."

Akacheka, akatuacha tupite. Mbele kidogo ukaniambia nisimwambie mutu hata siku moja. Nimelishika miaka yote hii, sasa nimelitoa. Nisamehe, na kama huwezi, basi kasirika, lakini nisingenyamaza.

Héritier alimaliza kopo peke yake, akatoka nje. Sikujua limemuingia au limemupita.

Leo asubuhi wakaja. Nilichungulia kwenye nafasi kati ya mbao za ukuta. Vijana wamepangwa, wakaambiwa magoti, wote wakashuka. Héritier akabaki amesimama, peke yake, barabara nzima. Sala zote zilinipotea, nikawa nakuita wewe tu. Mwenye bunduki akageuka, akaanza kumufuata. Ndipo mutoto wako akashuka, goti moja, kisha la pili.

"Pardon, patron."

Hawakumuchukua. Amerudi nyumbani. Mawe yamechana nyota zote mbili, damu hadi kwenye soksi. Nilipokuwa namuosha kwa maji ya chumvi aliyatazama magoti yake, akaniuliza kama na wewe uliumia siku ile. Nikamwambia uliumia, na kwamba hukuacha kuumia. Akalia, Papa. Hata siku ya kukuzika hakulia hivyo.

Bado naogopa. Watarudi, kesho au kesho kutwa, na gari linaposimama nje bado nazima moto. Lakini Héritier amelala hapa karibu nami, namusikia anapumua.

Kwaheri, Papa, upumzishe magoti yako. Mutoto uliyemupigia magoti bado yuko, na zamu yangu ikifika, nakuahidi, na mimi nitashuka magotini kwa ajili yake.

Furaha wako