Ulipoondoa Miguu kwenye Pedali

Kaka Salumu,

Salamu zikufikie huko uliko, ingawa nina hasira na wewe na sizifichi.

Arobaini yako imepita. Waliokuja kuhani hapa Ikwiriri kila mmoja alikuwa na lake: kiwanja cha ndege cha Ngarambe kina majini, ndege ilikuwa mbovu, ulirogwa. Nimechoka kuwajibu. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya kiwanja nakusubiri, nikaona. Ulitua vizuri, tena vizuri mno. Kisha, ndege ingali inakimbia, ukalegeza miguu kwenye pedali za kuongozea mkia, ukainua mkono kuwapungia watu. Upepo wa ubavuni ukaushika mkia. Ndege ikazunguka ghafla, bawa likachimba vumbi, ikapinduka.

Salumu, jamani! Si wewe uliyenifundisha kwamba ndege ya gurudumu la mkiani uzito wake uko nyuma, ukiulegezea mkia tu unataka kutangulia mbele? Si wewe uliyekuwa ukinifokea, "Mwanahawa, miguu! Haijasimama hiyo!" Miaka minne unanifokea mimi, halafu siku moja wewe mwenyewe... Mungu anisamehe.

Mama alivificha viatu vyangu vya soli nyembamba, ninavyovaa ili nizihisi pedali, akidhani bila viatu sitaruka. Niliruka peku. Sasa amevirudisha, lakini asubuhi za safari hasemi nami.

Juzi nilimpeleka ofisa mmoja Ngarambe kwa ndege nyingine ya aina ileile. Upepo ni uleule. Magurudumu yalipogusa chini, nikahisi mkia unaniponyoka. Nikakanyaga pedali, nikaongeza nguvu za injini, nikapaa tena. Mara ya pili vilevile. Nikageuza, nikarudi tulikotoka. Yule bwana akanuna njia nzima. Tuliposhuka akasema, "Kaka yako angetua."

Nikamjibu, "Angetua, ndiyo. Na tumemzika."

Nikaenda nyuma ya mapipa ya mafuta nikalia, mara ya kwanza tangu msiba. Si kwa kuwa alinikera. Ni kwa kuwa alisema kweli: ungetua, na mimi ningekushangilia.

Lala, kaka yangu. Mungu akupanulie kaburi. Kuruka sitaacha, usiniombe hilo hata ndotoni. Ila nakuahidi: kila nikifika juu ya Ngarambe nitakusomea Fatiha, na upepo ukikataa, nitaimalizia hukohuko angani, nigeuze, nirudi kwa Mama.

Mdogo wako,
Mwanahawa