Neno Dogo Nililoliondoa

Jumatatu, 3 Machi
Umeme umekatika tena hapa mtaani kwetu, Ngokolo. Nimetumia betri ya laptop mpaka ikazima. Tovuti ya redio ya Kahama inakaribia kukamilika. Zile anwani za kurasa zilizojaa namba na alama za kuuliza nimeziondoa zote. Sasa kila habari inajitengenezea anwani kutokana na kichwa chake. Mtu akiona linki anajua ndani kuna nini. Ili ziwe fupi, nimeuagiza mfumo uruke maneno madogo: na, ya, wa, kwa, ni, si. Pendo, mhariri wao, kafurahi sana. Nimejiona fundi.

Alhamisi, 6 Machi
Tovuti iko hewani. Habari ya kwanza kubwa ni ya Pendo. Alikwenda kijiji kimoja upande wa Geita, ambako bibi mmoja anasingiziwa uchawi tangu mtoto wa jirani afariki. Mwenyekiti kamtetea hadharani. Kichwa: "Bibi Nyamizi si mchawi, asema mwenyekiti wa kijiji". Nimeitupia mwenyewe kwenye makundi ya WhatsApp. Linki tupu, bila kichwa wala maelezo. Haraka zangu.

Ijumaa, 7 Machi
Inasambaa balaa. Nimejipongeza kwa soda.

Jumamosi, 8 Machi
Pendo amepiga simu analia. Jana jioni vijana walimrushia bibi mawe, wakachoma jiko lake la nje. Yuko hai. Ameumia bega. Binti yake, Mama Sitta, kampeleka kwake Kahama.
Sikuelewa. Habari si ilimtetea?
"Soma linki yako," Pendo akasema. "Isome kwa sauti."
Nikaisoma. bibi-nyamizi-mchawi-asema-mwenyekiti-kijiji.
Neno "si" halimo.
Watu wengi hawana bando la kufungua kurasa. Wanasoma kinachoonekana, wanamtumia mwingine. Mimi ndiye niliyetaka kisomeke.

Jumapili, 9 Machi
Nimerudisha "si". Anwani ya zamani sasa inampeleka mtu kwenye mpya. Kazi ndogo kabisa, na hilo ndilo linaloniumiza. Linki zilizokwisha kuingia kwenye simu za watu sina namna ya kuzifuata.
Sikwenda kanisani. Nilipanga kumwambia meneja wa redio kwamba mfumo ulikosea. Mfumo haukukosea. Ulinitii. Naona aibu hata kuliandika hili, na hakuna atakayelisoma.

Jumanne, 11 Machi
Nimemweleza meneja ukweli. Redio imeomba radhi hewani na kusoma kichwa kizima, mara nyingi. Kisha Pendo akanipeleka kwa Mama Sitta. Nilimwamkia, hakuitikia. Bibi alikuwa amekaa mkekani, mkono umefungwa kitambaa.
"Shikamoo bibi."
"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa yale maneno ya kwenye simu?"
Nikasema ndimi. Nikaeleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.
"Hilo neno ulilitoa kwa nini?"
"Nilitaka iwe fupi, bibi."
"Fupi," akasema. Akageukia ukutani.
Heri angenitukana.

Alhamisi, 13 Machi
Mwenyekiti kaitisha mkutano wa kijiji na kukanusha kwamba alimwita bibi mchawi. Pendo alikuwepo. Anasema wengine walitikisa vichwa, wengine waliondoka kabla hajamaliza. Polisi wamewachukua vijana wawili. Mama Sitta kaniambia kwa simu, kwa mkato, kwamba bibi anaulizia karanga zake. Hakuna wa kuzipalilia.
Sijalala vizuri wiki nzima.

Jumamosi, 15 Machi
Nimekwenda kijijini kwa bibi. Mwenyekiti alinionyesha shamba, akaniazima jembe, akaondoka. Magugu yamezipita karanga. Sijashika jembe tangu shule, viganja vimechubuka mapema. Nimemaliza kipande kidogo tu.
Mama mmoja alisimama njiani na ndoo yake, akanitazama sana. Nilimwamkia. Akaitikia kwa sauti ya chini.
"Bibi atarudi lini?" akauliza.
Nikamwambia sijui.
Hakuondoka. Nikainama, nikaendelea kupalilia.