Seva Ilipokosa Nafasi

Ijumaa jioni, Januari 2008

Zilikuwa zinatoka! Hiyo ndiyo inaniudhi. Wiki nzima email zetu zimetoka vizuri, ndiyo maana sikuishuku seva yangu mwenyewe. Tangu ghasia za uchaguzi zianze kredo ya simu haipatikani, kwa hivyo ndugu yangu Daudi huniandikia kwa kompyuta ya ofisi ya shamba anakofanya kazi, huko Ndabibi. Wiki hii sikupata hata moja kutoka kwake, nikadhani hajapata nafasi.

Leo mchana bosi wangu, Bwana Harish, akauliza, "Mbona hakuna oda hata moja wiki hii? Wateja wote wamehama?"

Nikaangalia. Diski imejaa pomoni. Wenzangu ofisini wamekuwa wakitumiana picha za nyumba zinazoungua, na zile jumbe za "leo usiku wanakuja, watumie watu kumi." Hakuna anayethubutu kufuta, eti huenda ikawa kweli. Seva ikakosa pa kuweka, ikaanza kukataa kila kinachoingia.

"Futa zote," Bwana Harish akasema. "Hata zangu."

Nikafuta. Zilizokwama nje zikaanza kuingia moja moja. Oda kwanza, halafu Daudi.

Ya Jumatatu: "Tuko sawa. Nitaandika kila asubuhi. Nikinyamaza, ujue kuna shida."

Ya Jumanne: "Tuko sawa."

Ya Jumatano: "Tumelala kanisani, lakini tuko sawa."

Nimekaa mbele ya hiyo seva mpaka bosi akafunga duka. Sasa nafasi iko tele.

Ya jana haijaingia. Ya leo pia.