Mukono Yenye Kuonekana mu Foto ya Mwape

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Cité, Élisabethville
Siku ya pili, tarehe 18 Agosti 1953, saa tatu ya asubui

Jina: Ngalula Victorine, bibi ya Rigobert Kabeya
Miaka: makumi mbili na saba
Kazi: ya nyumba, tena kushona nguo za batoto
Masomo: mpaka mwaka wa tatu kwa bamasere (babikira ya misioni)
Makao: Cité, lupangu 41, nyuma ya kanisa
Batoto: ine. (Shahidi alilomba wa mwisho aandikwe kwa jina: Désiré.)

Bwana Mutale, polisi mwenye kuandika, aliniuliza kama ninajua kwa nini niliitwa. Ninajua. Ni juu ya foto mbili zenye kulala pale ku meza yake. Mu foto zote mbili iko mutoto yangu Désiré. Moja ni ya jamaa yetu. Kaku yangu Mujinga, mama ya mama yangu, anarudia Kasai na treni ya siku ya ine, tarehe 20, saa kumi na mbili ya asubui. Nataka aende na ile foto. Njo maana nitasema yote, hata yenye kunipatisha haya.

Mnamo tarehe 2 Julai nilizaa Désiré, nyuma ya mabinti batatu. Alikuwa na kilo ine na nusu. Masere alimupima mara mbili, aliwaza mizani imeharibika. Mashavu yake, bantu banatoka avenue ingine kuyaangalia. Bwana Mutale aliniambia nifike ku jambo lenyewe. Nilimujibu: mashavu njo jambo lenyewe. Bila ile mashavu, fotografe Jeannot hangelomba kitu.

Tarehe 26 Julai Kaku alifika na treni. Alikuwa hajafika huku hata mara moja. Miaka yake hatujue, lakini meno zimebakia tatu. Alinivalisha bangili ya shaba yenye mama yake alimuvalisha zamani. Iko na alama saba. Niliionyesha bantu bote ya avenue.

Siku ya posho, tarehe 8 Agosti, saa ine ya asubui, tulienda kwa fotografe Jeannot Kapya: Kaku, mama yangu, mimi na Désiré. Vizazi bine mu foto moja. Hapa ku Cité sijaona wengine. Kaku alikaa ku kiti, mutoto ku magoti yake. Jeannot alisema: «Musitingizike!» Pale pale kofia ya Désiré ilishuka ku macho. Niliinama nimutengenezee, Jeannot akafinya mashini ya foto. Uso yangu haionekane. Inaonekana kitambaa ya kichwa na mukono yenye bangili. Jeannot alitaka kurudilia, lakini Kaku alikataa: «Imetosha. Mutoto anaonekana.»

Tulikuwa hatujatoka, akaingia Mwape, muashi, jirani yetu, na mama yake na nkambo yake wa Kasenga, mama ya ule mama. Lori ya samaki ilipashwa kubarudisha saa sita. Bibi ya Mwape, Chanda, alikuwa amezaa siku ine mbele ya pale, na kitovu ya mutoto ilikuwa haijaanguka. Mutoto wa vile hatoke mu nyumba, hata ku lupangu. Sisi bantu ya Kasai tunafanya vile vile. Mashini ya Jeannot ni nzito, na nyumba ya Mwape haina jua. Nkambo akaanza kulia: alikuya kwa foto na kitukuu, sasa ataonyesha nini Kasenga?

Jeannot aliangalia Désiré. Akasema: «Mama Désiré, utuazime huyu dakika mbili. Batoto badogo bote banafanana.»

Nilikasirika. Nilimuuliza: «Bote? Na huyu?»

Nkambo akapangusa macho. Akasema: «Lesa wangu, Mungu wangu! Mutoto sawa huyu mi sijaona.»

Hapo njo nilikubali. Iandikwe: hakuna muntu alinikaza.

Lakini sikuacha kichwa ya mutoto. Jeannot alinificha nyuma ya pazia, akalalamika: «Utoe mukono, Mama.» Nilijibu: «Sitoe. Shingo yake haijakaza.» Basi mukono ilibaki mu foto, na bangili. Mwape alisema ataelezea bibi yake. Hakuelezea. Anamuogopa.

Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria, saa tano, bantu balitoka misa, bakaona foto zote mbili nyuma ya kioo ya vitrini ya Jeannot. Mutoto moja, kofia moja, jamaa mbili. Mwenzangu moja wa kwaya akaniita: «Ee, Ngalula! Umezalia nyumba mbili?» Bakacheka. Mwingine akasema: «Lakini ni muzuri, hata mukimugawanya atatosha.»

Nilipashwa kusema kweli pale pale. Lakini bantu balikuwa bengi, na bote balikuwa banasifu mutoto. Niliacha basifu kwanza. Kisha nilielezea nani alishona kofia.

Jana, tarehe 17, saa ine ya asubui, nilikuwa kwa Jeannot kumulomba apandishe foto yetu juu kidogo. Chanda akaingia, mutoto ku mugongo, mwiko ya bukari mu mukono.

«We Ngalula! Hii mukono ni ya nani?»

Nilijibu: «Yangu.»

«Inatafuta nini mu jamaa yangu?»

«Inashika kichwa ya mutoto.»

«Mutoto ya nani?»

«Yangu.»

«Na bwana mwenye kusimama pale mu foto?»

«Yako.»

Kila jibu ilikuwa kweli, na kila jibu iliongeza moto. Chanda akapiga vitrini na mwiko, kioo ikamwangika. Jeannot aliruka kuokoa foto, akagonga mashini. Jicho ya mashini ikapasuka. Na vile vioo bidogo byenye kutoa foto zingine bilianguka, byote bikavunjika. Sasa foto yetu ni ile moja tu ya pale ku meza, na Jeannot hawezi kupiga ingine mbele treni iende.

Jana mangaribi bwana yangu Rigobert alikula. Kisha aliinua taa, akaangalia mashikio ya Désiré. Ni mashikio ya Rigobert mwenyewe, dunia yote inaona. Lakini aliangalia.

Mwape hana neno na mimi, ni jirani tu. Chanda asifungwe. Mimi mu fasi yake ningelipiga hata mulango. Mutoto yake nilimuona ku mugongo: ni binti, na ni muzuri. Iandikwe ile pia.

Kaku amefunga mizigo yake. Ameacha nafasi katikati ya nguo, kwa foto. Hajauliza iko wapi. Kila asubui anafungua, anaangalia ile nafasi, anafunga.

Yenye niliona na yenye nilifanya nimesema yote. Sina ingine.

(Sahihi) Ngalula Victorine, mama ya Désiré

Maandiko ya polisi: Nimemusomea shahidi maneno yake. Alisahihisha fasi moja: niliandika «kilo ine», akanirudisha ku «na nusu». Nilimuita Rigobert Kabeya na Chanda, nikabasomea pia. Rigobert alicheka mpaka akakaa chini. Chanda hakucheka, lakini aliuliza kama shahidi anaweza kushonea binti yake kofia. Mwape ataweka kioo ya vitrini yeye mwenyewe.

Tarehe 20 Agosti, saa kumi na moja na nusu ya asubui, ku gare: nimekabizi foto ya jamaa katika mikono ya muzee Mujinga. Hajui kuandika, ametia kidole. Nilimuomba radhi kwa sababu mujukuu wake hana uso mu foto. Aliweka kile kidole, chenye wino bado, juu ya bangili, akaniambia: «Njo ye huyu.» Alama ya wino imebaki mu foto. Foto ilikuwa safi wakati ilitoka mu kituo.

Mutale, polisi mwandishi