Kwa Skola, Niliyekaa Naye Mgongo kwa Mgongo

Skola,

Mama yako alikuja studio Jumamosi. Nianze na hilo, maana ndilo limenikaa kooni, na nikianza na salamu nitazungukazunguka mpaka wino uishe. Alipanda gari la alfajiri kutoka Mawengi, kwenu Ludewa, akashuka Njombe, akaunganisha mpaka Makambako, na upepo wetu huu ukamsukuma kutoka stendi hadi mlangoni kwa Mwalimu Fidelis. Alikuwa amevaa koti lako la kijani. Nilipoliona lile koti linaingia mlangoni nilisimama, kanga nimeishika kwa mkono mmoja, nikasahau kabisa kwamba ninachorwa na sitakiwi kutikisika.

Najua ungekimbia. Wewe uliyeogopa kila siku kwamba mama atasikia unachorwa mgongo wazi, ukaniapisha nisitaje mbele ya mtu yeyote wa Ludewa. Kwenye msiba waliposoma wasifu wako walisema ulikuwa mpishi wa mgahawa, muumini mwema wa Kanisa Katoliki, basi. Mimi nilikaa kule nyuma na Walutheri wenzangu nikanyamaza. Lakini unajua matanga. Mtu mmoja alimnong'oneza mwenzake, naye akamnong'oneza mwingine, na kabla watu hawajatawanyika habari ilishafika kwa mama.

Hakuja kugombana, Skola. Alisalimia "Kamwene" kwa kila mtu, akashika mikono ya wote, hata wale vijana wanaojifunza kuchora, wenye vidole vyeusi kwa mkaa. Akakaa kwenye benchi, akavua kilemba, akakifunga upya. Halafu akasema, "Nimesikia mwanangu mlikuwa mnamchora. Nimekuja kuomba uso wake."

Hivyo tu. Hakuomba kingine.

Akatueleza. Ile picha iliyowekwa juu ya jeneza, ile waliyoikuza kutoka kwenye kitambulisho chako, ndiyo aliyonayo nyumbani. Unaikumbuka ile picha, uliichukia mwenyewe. Macho yamekutoka kama mtu aliyeulizwa tiketi na hana. Nyingine ni ya kwaya, umesimama mstari wa nyuma, kitabu kimekufunika nusu. Simu yako ilikuwa ya kitochi, na yangu kila nilipoielekeza kwako uligeuka. Mama anasema kila akifumba macho anamwona yule wa kitambulisho. "Ananifukuzia mwanangu," alisema. "Kila siku anamsogeza mbali kidogo. Niliposikia mlikuwa mnamchora, nikasema, basi, huko atakuwepo mwenyewe, ametulia."

Mwalimu Fidelis akafurahi. Masikini, alifurahi kweli. Akaenda kwenye lile kabati lililobaki tangu studio ilipokuwa karakana ya useremala, akatoa fungu lote la karatasi zako, akaziweka mezani mbele ya mama kama mtu anayeandaa chakula.

Mimi nilishajua. Sijui kwa nini nilijua kabla yake, pengine kwa sababu anayechora huangalia karatasi yake na sisi tunaokaa hatuna la kufanya zaidi ya kufikiri. Nilitaka kusema, "Mwalimu, subiri." Akafunua ya kwanza. Mabega yako, yale mapana, kisigino chako kilichopasuka, kanga imekunjika kiunoni. Na mahali pa uso, yai. Akafunua ya pili. Mikono yako, jinsi ulivyozoea kuficha kidole gumba. Yai. Akaanza kufunua haraka haraka, kisha akawa anatafuta, akipekua kutoka chini kwenda juu. Mayai matupu, Skola. Karatasi zote zile, na wewe huna uso hata kwenye moja.

"Mbona hana macho?" mama akauliza.

Ungekuwepo ungecheka, ungesema, "Si ndiyo Uso Mwisho yenu hiyo!" Unakumbuka ulivyokuwa unamwigiza Mwalimu, umeshika mwiko badala ya fimbo yake: "Uso mwisho! Uso ni mchoyo. Ukianza nao utakula muda wote, mwili utabaki wa mdoli." Vijana wakitegea, wakikimbilia kuchora macho, aliwafutia. Na mpaka ufike huo mwisho wao, wewe ulishavaa sweta na viatu, unakimbia mgahawani kuwahi watu wa chakula cha mchana. Mimi ndiye niliyebaki. Kwa hiyo mimi ninao uso. Mimi na pua yangu hii nimejaa kwenye makaratasi yale, nimekaa nimenuna, na nyuma yangu, umeniegemea, kuna mtu mwenye yai shingoni.

Nilimwona Mwalimu akizeeka palepale. Alisema, "Mama, nilidhani tuna muda." Akarudia tena hivyohivyo, halafu akaenda kusimama dirishani.

Sasa kuna yule binti, Faraja, ndiye mwenye mkono mzuri kuliko wote pale. Akasema tujaribu. Sisi tuliomjua tumweleze, yeye achore. Akachukua karatasi mpya, akachagua kijiti cha mkaa wa mti wa mfyulisi, vile tulivyokuwa tunavichoma kwenye kopo la maziwa ukiniambia nisifunue kabla halijapoa. Akamwangalia mama usoni, akauliza kama mlifanana. Mama akasema, "Hata kidogo. Alichukua kwa baba yake." Na baba yako naye ameshatangulia miaka mingi.

Basi tukaanza kukueleza. Sijui kama umewahi kumweleza mtu sura, Skola, ni kazi ya ajabu. Nilifungua mdomo nikakuta sina kitu. Nikasema, nyusi za kawaida. Nikasema, macho, aah, macho yake yalikuwa mazuri. Faraja akauliza, mazuri vipi? Marefu? Ya duara? Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Nimekaa nawe Jumamosi zote zile. Najua unapumua kwa tumbo na siyo kwa kifua. Najua ukitaka kucheka mgongo wako unakaza kwanza upande wa kulia, ndipo kicheko kinakuja. Najua saa ambayo mguu wako unakufa ganzi, maana uzito wako wote unahamia kwangu. Lakini uso! Wewe uliangalia ukuta wa mlango, mimi niliangalia ukuta wa dirisha. Tulizungumza bila kusogeza midomo, kama wezi. Kazi iliyotufanya ndugu ilituweka kila mmoja akitazama kwake.

Mama akasema kishimo chako cha shavuni kilikuwa kulia. Mimi nikasema kushoto. Tukabishana, mimi na mama yako, tukabishana kabisa, na katikati ya ubishi nikagundua kwamba sina hakika hata kidogo, ninashikilia kwa sababu nikiachia hicho nacho nitabaki na nini? Faraja akachora kulia, akafuta. Akachora kushoto, akafuta. Akarefusha kidevu. Mama akasema hapana, huyo ni kama mke wa katekista. Wakacheka, na mama alicheka pia, halafu akaacha. Karatasi ikawa imechakaa kwa kufutwa, ikawa ya kijivu yote, na katikati kuna mwanamke fulani, Skola, mwanamke wa watu, anatuangalia, na sisi tunamwangalia, na hakuna anayemjua.

Mama akanyoosha mkono akafunika karatasi. "Basi, mwanangu, acha," akamwambia Faraja. "Mnamchosha."

Hapo ndipo nilipolia. Kwenye mazishi sikulia, nilikuwa nahesabiwa miongoni mwa wapishi, nilikuwa na masufuria. Nililia kwa hilo neno. Kwa sababu nilikukumbuka ulivyochoka kweli. Ile Jumamosi ya baridi kali, Juni, maji ya ndoo yameganda juu, nilikisikia kikohozi chako kabla hakijatoka. Kilikuwa kinakwaruza ndani, nakisikia kwenye mbavu zangu mimi. Nikakwambia, Skola, huko ndani hakuko sawa. Ukasema ni vumbi la maranda. Tulikwenda zahanati siku hiyohiyo, wakatupa dawa, tukarudi, ukazimeza kama walivyoandika, na wiki haikuisha tukawa Njombe hospitali, wamekuwekea oksijeni, na daktari kijana wa watu amesimama pembeni anafanya kila anachokijua. Nilikushika mgongoni ili ukae wima upumue. Niliweka kiganja pale ninapopajua. Nikahisi pumzi inakuja kidogo, inakuja kidogo, nami sina cha kufanya, Skola, nina mkono tu. Watu wananiambia nilifanya yote. Yote yalikuwa ni kuweka mkono.

Turudi kwa mama. Aliangalia lile jukwaa letu la mbao. Pale pako Mwalimu ameweka gunia la maranda ili niwe na kitu cha kuegemea, maana ile picha kubwa ya wawili haijaisha na mwili wangu ukikosa uzito unalala vibaya. Usicheke. Nimekuwa nikiegemea gunia tangu ulipoondoka. Linaingia ndani pole pole, halisukumi, na mpaka mapumziko yafike nimelala chali nusu.

"Na hilo gunia?" mama akauliza. Nikamwambia. Akauliza, "Alikuwa anakaaje?"

Nikapanda nikamwonyesha. Magoti hivi, mikono hivi. Akasema, "Niondoleeni hicho." Vijana wakaliondoa gunia. Mama yako akavua viatu vyake vya mvua, akapanda, na koti lako mwilini, akakaa nyuma yangu ndani ya ile mistari ya chaki iliyochorwa kukuzunguka wewe. Ilimpwaya, ni mdogo sana, mama yako. Akaegemea.

Hakuna aliyeshika mkaa. Hakuna aliyechora kitu. Bati lilikuwa linagongagonga na upepo. Mgongo wake ni mwembamba na una joto, na anapumua juu juu, si kama wewe, si kama wewe hata kidogo. Nilijua analia kwa sababu ya mabega, lakini sikuweza kumwona, wala yeye hakuweza kuniona. Nilitaka kugeuka nimshike. Nikaogopa nikigeuka ataanguka.

Tulikaa mpaka akasema mguu umekufa ganzi.

Nilimsindikiza stendi. Hakuchukua karatasi hata moja. Mwalimu alimpa ile nzuri ya mabega, akaiangalia kwa heshima, akairudisha. "Nilimwogesha akiwa mdogo," alisema. "Mgongo wa mtu mzima siujui. Huyu ni wenu." Nilimnunulia viazi vya kuchemsha na chai ya njiani, nikamtafutia siti ya dirishani, nikamwambia konda huyu ni mama yangu. Gari likawashwa. Ndipo akafungua dirisha akaniuliza, "Jumamosi ijayo mnakaa tena?"

Nikasema ndiyo, mama, tunakaa.

"Mimi sura ya kuwapa sina," akasema. "Lakini mgongo ninao."

Gari likaondoka.

Tangu siku ile ninaligeuzageuza hilo jambo kichwani. Mawengi ni mbali, barabara ya Ludewa unaijua mvua ikinyesha, na yeye ana kifua chake na mahindi yake shambani. Mtu mwenye akili angempigia jirani yake simu amwambie mama asije, atulie, apumzike. Nimeshika simu mara nyingi. Sijapiga. Sijui kama nikimzuia ninamlinda au ninamnyang'anya, na wewe ambaye ungenijibu kwa neno moja ndiye hupatikani.

Mwalimu amesema kuna dada mmoja wa sokoni yuko tayari kukaa mahali pako, tumalize ile picha, na sura yake iingie pale penye yai, maana picha haiwezi kuuzwa ikiwa hivyo. Ana haki, ni studio yake. Nimekataa. Sikumpa sababu, nimekuwa mkaidi tu kama ulivyozoea kuniita. Faraja akaniunga mkono, na Mwalimu akatoka nje kuvuta sigara.

Kwa hiyo nakuaga, Skola, pole pole, bila kukugeukia, kama tulivyozoea. Uso siwezi kukurudishia. Nimetafuta kila mahali, nimetafuta mpaka usingizini, na unanipa mgongo hata huko. Ninachokuahidi ni kimoja. Hakuna mtu atakayekuwekea sura ya mwingine nikiwa hai na nikikaa pale. Na kama Jumamosi lile koti la kijani litaingia tena mlangoni, nitamkalisha mama ndani ya chaki yako, nitamvumilia mpaka achoke, na kabla mtu hajagusa bega wala mkono wake, nitamwambia Mwalimu mbele ya wote: huyu, tafadhali, anza na uso.

Ni mimi,
Yusta