Nyumba Iliyoteremka Ploti Bila Kubomolewa

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Nkubu. Alhamisi, tarehe 16 Oktoba 2025, saa nne asubuhi.

Jina: Sabina Gatwiri Mithika. Umri: miaka 54. Kazi: mwenye hoteli ya chai, sokoni Nkubu. Makazi: Nkubu, nyuma ya soko. Lugha aliyotumia: Kiswahili, na Kimeru mahali alipokasirika.

Kuhusu: malalamiko ya Bw. Joshua Kailemia kwamba alilazimishwa na umati wa watu kubeba nyumba ya jirani yake.

Mimi ndiye mwenye majina hayo. Nimekuja hapa na miguu yangu mwenyewe baada ya kupigiwa simu, sikukamatwa, na naomba hiyo iandikwe mapema kwa sababu watu wa soko wameniona nikiingia na sasa hivi huko nje wanasema mengine.

Namjua Muthoni, mwenye nyumba. Ni fundi wa nguo. Alizaliwa huko Runyenjes, Embu, akaolewa hapa na marehemu Thuranira aliyekuwa seremala. Ploti yake inapakana na hoteli yangu upande mmoja, na upande ule mwingine inapakana na jengo la mawe la mzee Kailemia. Nyumba ya Muthoni ni ya mbao na mabati, rangi ya bluu. Thuranira aliijenga juu ya magogo mawili marefu ya mti wa mukima, na magogo yakakaa juu ya mawe, ili mchwa wasipande. Watu walimcheka wakati huo, wakamuuliza kama anajenga nyumba ama anajenga kitanda. Hakuwajibu, alikuwa mtu wa kunyamaza.

Mwezi wa tisa karatasi ilibandikwa kwa mlango wa Muthoni. Ilisema mji umepata plani mpya, na mstari umepita katikati ya ploti yake. Nusu ya mbele, inayoangalia barabara, sasa ni eneo la biashara. Nusu ya nyuma, ile inateremka kwa migomba, ni eneo la makazi. Kwenye eneo la biashara hakuna nyumba ya mbao inayoruhusiwa, kwa hivyo ile ya Muthoni ibomolewe kabla ya Jumanne tarehe 14 Oktoba, saa sita mchana. Asipobomoa yeye, tingatinga itakuja.

Kila mtu hapa anajua nani alikimbiza hayo maneno kwa ofisi. Mzee Kailemia amekuwa akisema miaka yote kwamba ile nyumba inafunika jengo lake, wapangaji wake hawaonekani kutoka barabarani. Simchukii. Ni mzee wa kanisa letu na anaimba besi vizuri sana. Lakini nilimwambia wazi, mzee, huyo ni mjane, na unamfukuza kwa sababu ya bango la duka? Akaniambia yeye hafukuzi mtu, ni sheria.

Muthoni hana mahali pengine. Nilimkuta siku moja ameketi kwa kizingiti, ameweka mkono juu ya ubao, anaupapasa. Akaniambia, "Mama Mithika, kaburi la Thuranira liko kwao Muthara, na huko sijakaribishwa. Mimi niliachiwa hii peke yake." Nilirudi hotelini nikalia kwa jikoni, na mimi si mtu wa kulia ovyo.

Ijumaa tarehe 10, saa nne hivi, kijana wa ofisi ya mipango anayeitwa Mugambi aliingia hotelini kunywa chai. Ndiye alikuwa amebandika ile karatasi. Nilimwekea chai na nikamkalia mbele. Nikamuuliza, "Kijana wangu, kwani Muthoni akiibomoa na kuisimamisha huko nyuma kwa migomba, kuna makosa gani? Si huko ni makazi?" Akatikisa kichwa. Alisema huko nyuma, nyumba ya mbao iliyokuwa kwa ploti kabla ya plani inaruhusiwa kubaki, lakini ujenzi mpya lazima uwe wa mawe. Akiibomoa na kuijenga tena, hiyo ni ujenzi mpya.

Nikamuuliza ujenzi mpya maanake nini kwao. Huyu Mugambi ni kijana wa adabu, hakunicheka. Alitoa kile kitabu cha sheria za mji kwenye begi na akanisomea polepole, na mimi nikamwambia arudie mpaka nikakishika kichwani. Kinasema ujenzi mpya ni kusimamisha jengo kwa mara ya kwanza, ama kulisimamisha tena baada ya sehemu zake kutenganishwa. Halafu akasoma nyumba iliyopo ni gani: ni ile ilisimama ndani ya ploti kabla plani haijapita. Ndani ya ploti, afande. Hakikusema mbele wala nyuma.

Nikamwambia, "Na tukiibeba?"

Akaniuliza kubeba nini. Nikamwambia nyumba. Nikamkumbusha kwamba yeye ni mtoto wa hapa hapa, asijifanye ametoka Nairobi. Wazee wetu walikuwa wakihamisha ghala la mtama likiwa limejaa. Mtu akihama kutoka kilima hiki mpaka kile, majirani walikuwa wanaingiza miti chini ya nyumba, wanainua, wanaenda nayo wakiimba. Mimi mwenyewe nilibebewa nyumba ya jikoni mwaka nilipoolewa. Mugambi aliacha chai ikapoa. Akasoma ule ukurasa tena, akaendelea na uliofuata. Akasema, "Mama, hapa wameandika kubomoa, wameandika kujenga, wameandika kuongeza na kupunguza. Kubeba hakuna."

Alitoka nje akampigia mkubwa wake simu. Alirudi amesimama wima, akasema mkubwa amecheka kwanza, halafu ameuliza kitabu kinasema nini, halafu amekubali kwa sharti. Hakuna ubao hata mmoja utatolewa. Hakuna mabati itafunguliwa. Na yeye Mugambi awe amesimama hapo akiangalia kutoka mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu ikivunjika njiani itakuwa imebomolewa, na hataandika uongo. Nikamwambia andika tu kile utaona.

Jumamosi nilienda kwa Munene, mwashi, ambaye ndiye anaita nyimbo za kazi kwetu. Jumapili baada ya ibada tulisimama nje ya kanisa tukawaambia watu mambo yako hivi na hivi, waje Jumanne tubebe. Mzee Kailemia alikuwa ameshaondoka. Nasema ukweli, hatukumtuma mtu kumwambia.

Jumanne tarehe 14, kutoka saa mbili, watu walianza kuja. Vijana wa bodaboda walifunga steji yao. Kwaya ilikuja. Wamama wa soko walikuja na leso wamejifunga viunoni. Wengine sijui walitoka wapi, nimesikia wengine walipanda gari kutoka Kinoru. Tulitoa cherehani, kitanda, masufuria, kila kitu. Munene alipitisha miti mirefu chini ya yale magogo ya Thuranira, na hapo ndipo watu wazima walianza kuangaliana. Magogo yalikuwa yamechongwa nafasi za kuingiza miti. Miaka hiyo yote, yule mtu alikuwa ametuachia mahali pa kushika. Muthoni aliona, akafunika uso kwa mikono.

Saa tano na nusu Munene alianza kuimba. Kwaya ikamjibu. Nyumba ikalia kama mlango mzee, halafu ikatoka kwa mawe. Wee! Afande, mimi nimezaa watoto wanne na sijawahi kupiga vigelegele hivyo. Nyumba nzima, na dirisha lake, na kibao cha "Nguo Zashonwa Hapa", imesimama hewani juu ya mabega ya watu.

Nikiulizwa kuhusu Bw. Kailemia, najibu hivi. Alitokea wakati nyumba ilikuwa imeanza kuteremka. Alikuwa amevaa koti la kanisa, na simu ameinua mbele anapiga video. Nafikiri alikuja kupiga picha ya tingatinga. Alisimama karibu na mimi, mdomo wazi. Hakunisalimia.

Nyumba ilipofika kwa migomba, kijana mmoja wa bodaboda alikanyaga maganda yenye maji akateleza, akaenda chini. Kona yake ikaanza kushuka. Nyumba yote ikainama. Ubao ulilia mahali fulani, na mimi nikaona Mugambi ameacha kupumua. Muthoni alipiga kelele jina la marehemu. Munene akaita, "Kona! Kona, mtu!"

Hapo ndipo mzee Kailemia alinisukumia simu mkononi, akasema, "Shika hii, mwekuru," yaani mwanamke kwa Kimeru, akaingia. Hakuna aliyemvuta. Hakuna aliyemwita jina. Watu wetu ni hivyo, mtu anaona mzigo wa wengine unaanguka, bega linaenda kabla kichwa hakijauliza ni mzigo wa nani. Aliingia chini ya kona ya nyuma, ile nyepesi, kwa sababu nyumba ikiteremka uzito wote unaenda mbele. Akainua. Nyumba ikanyooka. Na alipopata pumzi akaanza kuimba, afande. Ile besi yake. Munene akiita, yeye anajibu kushinda kwaya yote.

Nikiulizwa kama kuna mtu alimtisha, hapana. Nikiulizwa najuaje, ni kwa sababu simu yake ilikuwa mkononi mwangu ikiendelea kupiga video, mimi sijui kuzima simu za watu. Sauti yake imo. Anasikika akisema "Polepole upande huo! Msiharibu nyumba ya mama!" Hiyo sijaongeza hata neno. Simu ni yake, aifungue mwenyewe.

Waliiweka chini juu ya mawe mapya saa sita kasoro, ndani ya eneo la makazi. Mugambi alizunguka nyumba yote polepole, anagusa kila ukuta, anachungulia chini. Halafu akasema kwa sauti kubwa, karibu sauti imkatike, "Hakuna kilichotenganishwa. Hii ni nyumba iliyopo." Sitaeleza kelele iliyofuata, kwa sababu nyinyi hapa kituoni pia mliisikia.

Muthoni alifungua mlango. Kumbe kwa haraka yetu tulisahau kuku ameatamia mayai kwenye kona, ndani ya kikapu. Alikuwa hapo hapo, ametukasirikia, mayai yote chini yake, hata moja halijapasuka. Muthoni alicheka. Sijamsikia akicheka tangu tumzike Thuranira.

Hapo ndipo mzee Kailemia alitoka chini ya mti wa kubebea, akajipangusa, akaona watu wote wanamtazama. Koti lake lilikuwa na rangi ya bluu kwa bega. Nadhani ndipo alikumbuka yeye ni nani katika hii kesi. Muthoni alimwendea na kikombe cha chai, akampa kwa mikono miwili, akamwambia, "Asante, mzee. Umenibebea nyumba ya Thuranira." Mzee alichukua kikombe. Alikunywa chote. Halafu vijana wa bodaboda wakaanza kumcheka na kumwita fundi, na akaondoka. Kesho yake nikasikia amekuja hapa kusema alilazimishwa.

Mimi sina ubaya na yeye. Jengo lake sasa linaonekana kutoka barabarani, alilotaka amepata. Na Muthoni amelala kwake jana na juzi, na leo asubuhi nikipita nimesikia cherehani. Kama mzee ana aibu, aibu ya nini? Mimi ningekuwa yeye ningetembea soko lote nikiwa na lile koti.

Hayo niliyosema niliyaona na macho yangu, na nimesomewa nikayakubali, ila nimemwomba afande asifute mahali nilisema anaimba besi vizuri.

Sahihi: S. Gatwiri Mithika

MAELEZO YA AFISA: Mimi, Konstebo Ndwiga, nimeandika maelezo haya na kumsomea shahidi. Nimefika kwenye ploti na kuona nyumba ikiwa nzima. Mlalamishi, Bw. Kailemia, alikuwa kwenye benchi ya mapokezi hapa kituoni, amevaa koti lenye rangi ya bluu begani. Alisomewa maelezo ya shahidi na kuulizwa kama ana la kuongeza. Alisema anaondoa malalamiko, lakini anataka rekodi isahihishwe sehemu moja: kona aliyobeba yeye haikuwa ya nyuma. Ilikuwa ya mbele, ile nzito, na shahidi hangeweza kuona vizuri kwa sababu alikuwa ameshika simu.

Imesahihishwa.